Mtoto akiitwa kusomea udaktari: miaka sita ambayo mzazi haelezwi

Asubuhi za siku za kazi, barabara za kata ya Mlabani mjini Ifakara hupitwa na vijana wenye koti jeupe lililokunjwa mkononi au kuning'inizwa kwenye usukani wa baiskeli. Wanaelekea Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko. Mama anayepanga mafungu ya nyanya kando ya njia huwaona kila siku. Kama ana binti wa kidato cha tano anayesoma PCB, moyo wake husema jambo moja tu: na wa kwangu siku moja.

Siku hiyo ikifika, nyumba nzima hushangilia. Majirani huja kumpongeza "mama daktari" kabla mtoto hajaingia darasani hata mara moja. Baada ya shangwe huja mambo ambayo wazazi wengi hawaelezwi. Si siri, ila hakuna anayeuliza. Maswali yote ya familia huishia kwenye kupata nafasi, na nafasi ikishapatikana kila mtu huhesabu miaka mitano na kungoja daktari.

Miaka yenyewe ni sita, na mahali ambapo vijana wengi hujikwaa ni mwanzoni, wakati nyumbani bado wanasherehekea.

Mafunzo ya afya Ifakara yana umri sawa na Uhuru. Katika miaka ya 1950 Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, Uswisi, alianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipojitawala, kikafunguliwa kituo cha kufundisha watumishi wa afya wa vijijini. Maabara ile ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo leo inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Lakini kwa muda mrefu, kijana wa bonde hili aliyetaka shahada ya udaktari alilazimika kupanda gari kwenda Muhimbili, Moshi au Mwanza.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 2010, kilipoanzishwa hapa Chuo Kikuu Kishiriki cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Mtakatifu Fransisko, wengi wanakiita SFUCHAS, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Mzazi wa Mlabani, Lipangalala au Kibaoni sasa anaweza kumsomesha daktari huku mtoto akirudi nyumbani kula. Ni nafuu kubwa. Ina tatizo lake pia, na litaelezwa mbele.

Mlango una pande mbili

Njia inayojulikana ni ya kidato cha sita. Anayetaka shahada ya udaktari anatakiwa awe na ufaulu wa masomo matatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, na pointi zisizopungua 6. Hicho ni kiwango cha chini tu. Nafasi zikigombewa, chuo huchukua wenye alama za juu kwanza, kwa hiyo mwenye pointi 6 asilale akiamini ameshaingia. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa kitabu cha mwongozo chenye masharti ya kila kozi na kila chuo. Kinapatikana bure kwenye tovuti yao, na simu ya kawaida ya mtandao inakifungua. Mzazi anayelipa mtu wa stesheneri "amtafutie chuo" bila kukisoma ananunua gunia bila kulifungua.

Mlango wa pili watu huusahau. Kijana ambaye hakwenda kidato cha tano, au aliyekwenda na matokeo yakawa mabaya, anaweza kusoma stashahada ya utabibu kwa miaka 3. Akimaliza ni tabibu kamili, anaajirika, anatibu watu. Akitaka, na kama wastani wake ni GPA ya 3.0 au zaidi, anaweza kuomba shahada. Wapo madaktari wengi nchini waliopita njia hii. Wanapoingia wodini mwaka wa tatu huwa wanajua kuchoma sindano na kumsikiliza mgonjwa wakati wenzao kutoka shuleni bado wanatetemeka. Si njia ya walioshindwa, ingawa kwenye vikao vya familia hutajwa kwa sauti ya chini.

Tena udaktari si kozi pekee. Uuguzi, famasia na maabara nazo husomewa hadi shahada, na famasia na uuguzi huchukua miaka 4. Mzazi anayemlazimisha mtoto achague udaktari ilhali mwenyewe anataka maabara anajitafutia ile simu ya mwezi wa nne ambayo itafuata hapa chini.

Hesabu za mpunga

Mfikirie mama mmoja wa Mlabani. Hana jina katika habari hii, lakini kila mtaa unamjua: ana ekari chache za mpunga bondeni, anauza mchele sokoni, mume yupo au hayupo. Binti yake ameitwa kusomea udaktari. Mpunga huvunwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba. Wakati huo kila mtu anauza, na bei iko chini. Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi wa saba, naye mama kwa furaha na hofu huuza magunia yote ili "hela ya chuo iwepo". Chuo kinafunguliwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Kati ya hapo pesa imeshapita kwenye msiba, kwenye bati la jikoni, na kwa mdogo wake aliyeingia kidato cha kwanza.

Mwezi wa kwanza na wa pili, bei ya mchele inapopanda, ghalani hakuna kitu. Mwezi wa tatu au wa nne chuo kinadai ada ya muhula wa pili.

Familia zinazovuka salama huwa zimegawa mavuno mapema: magunia ya muhula wa kwanza yauzwe mwezi wa tisa, ya muhula wa pili yasiguswe hadi baada ya mwaka mpya. Ni jambo dogo ambalo wakulima wa bonde wanalijua kuliko mtu yeyote, ila furaha ya barua ya chuo huwasahaulisha.

Mkopo wa serikali upo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huzipa kozi za afya kipaumbele, na fedha ya chakula na malazi ambayo wanafunzi huiita bumu ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Lakini mambo matatu huwapata wazazi bila kutarajia.

Kwanza, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA kabla ya kuomba. Nyumba ambazo jina la baba limeandikwa kwa namna moja kwenye cheti na kwa namna nyingine shuleni hupoteza wiki nzima zikihangaika, na dirisha la maombi halingoji mtu. Jambo hili lishughulikiwe mtoto akiwa kidato cha tano.

Pili, Bodi hutoa asilimia kulingana na hali ya familia, na mkopo wa ada si lazima uzibe ada yote ya chuo binafsi au cha dini. Barua ikisema "amepata mkopo", isomwe hadi chini. Amepata kiasi gani, na kwa kipengele kipi?

Tatu, ni deni. Akishaajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi hadi liishe. Zile tozo za asilimia 6 kwa mwaka na faini ya asilimia 10 zilizowachosha wengi zilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo mzigo umepungua. Hata hivyo mzazi anayetarajia daktari wake ajenge nyumba mwaka wa kwanza wa kazi ajue kwamba mshahara utakuwa umeshakatwa kabla haujamfikia.

"Mama, nimesapu"

Mwaka wa kwanza na wa pili hakuna wagonjwa, au wapo kidogo sana. Kuna anatomia, fiziolojia na bayokemia. Kijana aliyezoea kuwa wa kwanza darasani tangu msingi anakuta kila aliyekaa naye alikuwa wa kwanza mahali fulani. Kitabu kimoja cha anatomia ni kizito kuliko madaftari yake yote ya kidato cha sita, na kila kitu kiko kwa Kiingereza, na nusu ya Kiingereza hicho kwa kweli ni Kilatini.

Halafu kuna chumba cha maiti za kujifunzia. Hakuna mzazi anayemwandaa mtoto kwa hilo. Harufu ya formalini hung'ang'ania kwenye nguo na nywele. Wapo wanaoshindwa kula nyama kwa wiki kadhaa, na wapo wanaoota usiku. Wengi huzoea kabla muhula haujaisha, lakini mama anayeambiwa tu "sina hamu ya kula" hudhani ni malaria, au mapenzi.

Mitihani inakuja. Kwa lugha ya wanafunzi, kufeli somo na kutakiwa kulirudia ni kusapu. Kurudi mwaka mzima ni balaa kubwa zaidi, kwa sababu mwaka wa kurudia kwa kawaida Bodi hailipi. Kuondolewa chuoni kabisa wanakuita kudisko. Kusapu somo moja katika kozi ya udaktari ni jambo la kawaida. Wapo madaktari bingwa wanaoheshimika leo ambao walisapu anatomia. Mtihani wa marudio hufanyika kabla ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa, na kijana akitulia na kusoma likizo hiyo, mara nyingi anapita.

Tatizo ni kwamba hatulii, kwa sababu hajasema nyumbani.

Rudi kwa yule mama wa Mlabani. Tangu siku ya barua, jina lake mtaani ni "mama daktari". Kanisani wamemwombea, kikoba kimemchangia. Binti anaijua kila shilingi ilikotoka. Akisapu, anaona hakusapu peke yake, amesapu na mtaa mzima. Kwa hiyo anasema mitihani ilienda vizuri. Likizo anarudi nyumbani, anapika, anafua, anawasalimia wageni wanaokuja kumwona daktari, anawapima presha kwa mashine ya jirani, na kitabu kinabaki ndani ya begi. Hapo ndipo ile nafuu ya chuo kuwa karibu inapogeuka: anayesoma mbali hujifungia bwenini, wa hapa hapa hutumwa dukani.

Anafanya marudio akiwa hajasoma. Simu inakuja wakati hakuna la kuokoa tena.

Ikibidi kuchagua jambo moja la mzazi kulifanya katika miaka yote sita, basi ni mazungumzo ya kabla ya mtihani wa kwanza, yawe mafupi tu. "Mwanangu, nasikia huko kuna kusapu. Likikupata, niambie mimi wa kwanza. Hata kama ni usiku." Mzazi akilitaja neno lenyewe, sapu, kwa kinywa chake, linapoteza nusu ya ukali. Na akiambiwa, asitangulize ada. Ada mtoto anaikumbuka. Aulize tarehe ya mtihani wa marudio, amwondolee kazi za nyumbani, awaambie wageni daktari amesafiri.

Dalili za kuangalia ni zile zile za kijana yeyote anayezama: simu inakuwa fupi, hatumi tena picha za darasani, analala mchana, haongelei marafiki. Vyuo vina mshauri wa wanafunzi, na ofisi yake huwa tupu zaidi ya inavyopaswa. Mzazi anaweza kuuliza namba ya ofisi hiyo siku ile ile anayompeleka mtoto kuripoti. Hakuna aibu katika kuuliza, na asije akaitafuta kwa mara ya kwanza usiku wa taharuki.

Wodini

Mwaka wa tatu hadi wa tano mambo hubadilika. Koti jeupe sasa lina kazi. Wanafunzi huzunguka kwa makundi: wiki kadhaa magonjwa ya ndani, wiki kadhaa upasuaji, watoto, wodi ya wazazi. Wanakesha zamu za usiku. Asubuhi kwenye raundi mwalimu husimama kitandani na kuuliza, na asiyejua jibu huaibika mbele ya mgonjwa.

Ifakara ni mahali pagumu na pazuri pa kujifunzia. Wagonjwa hutoka Mlimba, Mang'ula na Mngeta, na ng'ambo ya Mto Kilombero, Ulanga na Malinyi. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018 hawangoji tena kivuko. Wengi hufika wakiwa wamechelewa, wameshapitia duka la dawa na kwa mganga. Mwanafunzi wa hapa huona kwa macho yake malaria kali, upungufu wa damu kwa watoto, kuumwa na nyoka shambani msimu wa mpunga na mama aliyesafiri na uchungu usiku kucha. Mwenzake wa mjini baadhi ya hayo huyasoma kitabuni.

Na anajifunza lugha upya. Darasani aliambiwa degedege ni dalili ya ubongo kuathirika kwa homa, malaria au jambo lingine, na tiba yake haingoji. Wodini bibi anamwambia mtoto amepitiwa na dege, na kwamba sindano itamuua. Mwanafunzi akimcheka, bibi atamficha mjukuu wa pili. Lazima amsikilize kwa Kiswahili cha bibi, pengine kwa msaada wa mtu anayejua Kindamba au Kisukuma, kisha ageuke amweleze mwalimu habari ile ile kwa Kiingereza, kisha arudi amshawishi bibi kwa heshima. Hapo watoto wa bonde hili huwa mbele, kwa kuwa neno "dege" walilisikia kwa bibi zao wenyewe.

Miaka hii mzazi hahitajiki sana, na hilo nalo huuma. Mtoto hapatikani kwenye simu. Sikukuu inampita wodini. Mgonjwa wake wa kwanza kufariki atamfia mikononi, pengine mtoto mchanga saa tisa za usiku, na kesho yake asubuhi kuna raundi kama kawaida. Akija nyumbani siku hiyo, asiulizwe habari za chuo. Apewe chai, aachwe alale.

Mwaka wa sita

Mahafali hufanyika, joho linavaliwa, picha zinapigwa, na mtaa unadhani imekwisha. Bado kuna mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo kazini chini ya usimamizi, katika hospitali iliyoidhinishwa. Wizara ya Afya humpangia kituo, na si lazima kiwe Ifakara wala Morogoro. Anaweza kupangiwa Kigoma au Mtwara. Serikali hulipa posho katika mwaka huo, lakini posho ya mwezi wa kwanza inaweza kuchelewa, kwa hiyo nauli, godoro na kodi ya chumba hurudi tena kwa mama. Familia nyingi hazikuweka akiba ya hili, maana kwa hesabu zao mtoto alishamaliza.

Baada ya hapo kuna mtihani na leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na bila leseni hiyo haruhusiwi kutibu kwa kujitegemea. Halafu ajira. Hapa mzazi anastahili kuambiwa ukweli: zahanati na vituo vya afya vinalia kukosa watumishi, na wakati huo huo wapo madaktari wenye leseni wanaosubiri nafasi za serikali zitangazwe. Wengine huanza kwa mikataba katika hospitali za dini na binafsi, wengine huingia kwenye utafiti. Jirani na hospitali ya Mlabani taasisi ya utafiti ipo, na baadhi ya vijana hugundua huko kwamba kuhesabu mbu ni kazi kama kazi nyingine, tena wanaipenda.

Kuhusu lile la mtaani, la daktari kuwa tajiri, afadhali mzazi alizime mapema kabla wadogo zake hawajaanza kupangiwa ada zao kwa mshahara ambao haujapatikana.

Dirisha la TCU hufunguliwa matokeo ya kidato cha sita yakishatoka. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri kwa simu ili athibitishe chuo kimoja anachokitaka, na asipothibitisha kwa wakati nafasi hupewa mwingine. Kila mwaka wapo wanaoipoteza kwa sababu laini iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa ya mjomba aliyesafiri. Iandikwe namba ya mtoto mwenyewe, na simu iwe na chaji.

Yule mama wa Mlabani, kama amefika mwaka wa sita, yupo stendi ya mabasi na gunia la mchele ambao haujakobolewa vizuri. Binti anamwambia mchele upo hata Kigoma. Mama anamwambia si huu, halafu anamtafuta utingo.